Mipaka ya kata inabadilikaje, na takwimu za zamani zinalinganishwaje na za sasa?

Mfuatiliaji_Kata aliuliza:

Salaam wakuu. Nina majedwali matatu ya halmashauri moja, idadi ya watu na matokeo ya udiwani kwa kila kata (wadi, kwa ndugu zetu wa Kenya), yaliyopishana miaka kumi kumi. La kwanza lina kata 9. La pili lina 12. La tatu nalo lina 12, lakini majina mawili ya jedwali la pili hayamo na yameingia mawili mapya. Kata moja imepungua theluthi ya watu wake bila mafuriko wala mgodi kufungwa. Ya jirani imekaribia kuongezeka maradufu.

Ninaomba kueleweshwa mambo matatu:

1. Mipaka ya kata hubadilishwa kwa sababu gani hasa, na kwa kipimo gani?
2. Nitajuaje kama kata yenye jina lilelile ni ardhi ileile?
3. Kama mpaka ulisogea, nalinganishaje namba za zamani na za sasa bila kudanganya wasomaji?

Hesabu_Kwanza alijibu:

Nijibu la kwanza. Sheria nyingi za mipaka zimejengwa juu ya hesabu moja fupi: idadi ya watu wa halmashauri nzima, igawe kwa idadi ya kata. Ukiwa na watu 180,000 na kata 12, wastani ni 15,000. Kisha kila kata unaitafutia mkengeuko wake kutoka kwenye wastani huo. Kata ya watu 19,200 imezidi kwa asilimia 28, na ya watu 11,400 imepungua kwa asilimia 24. Madiwani wa kata hizo mbili wana kura moja moja barazani, ingawa mmoja anabeba watu 7,800 zaidi ya mwenzake. Watu wakiendelea kuhamia upande mmoja wa mji, pengo hilo hukua lenyewe hata mpaka usiposogea hata mita moja. Kwa hiyo kuacha mpaka ulivyo nako ni uamuzi wenye athari zake.

Nchi hutofautiana katika pengo linalovumiliwa. New Zealand inazitaka halmashauri zikague uwakilishi wao angalau mara moja kila miaka sita, na kwa kawaida kata isizidi wala kupungua kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa mfano wetu, kila kata ingetakiwa iwe kati ya watu 13,500 na 16,500. England hutumia vichochezi: asilimia 30 ya kata zikikengeuka kwa zaidi ya asilimia 10, au kata moja tu ikikengeuka kwa zaidi ya asilimia 30, halmashauri hiyo inafikia kigezo cha kukaguliwa.

Marekani hupima kwa namna nyingine inayochanganya wengi. Wanachukua mkengeuko wa kata kubwa kuliko zote na wa kata ndogo kuliko zote, wanajumlisha. Mfano wetu unatoa 28 + 24 = 52, wakati huko jumla iliyo chini ya 10 ndiyo huhesabiwa kuwa tofauti ndogo mbele ya mahakama. Ukisoma "asilimia 10" katika ripoti ya Marekani na "asilimia 10" katika ya New Zealand, si kitu kimoja. Ya kwanza ni upana wote kutoka juu hadi chini, ya pili ni kila upande wa wastani.

Sharti la maeneo ya uchaguzi kuwa na watu wanaokaribiana lilizifikia serikali za mitaa za Marekani mwaka 1968, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua kesi ya Kaunti ya Midland, Texas. Kaunti ilikuwa na maeneo manne ya kuchagua makamishna. Moja lilikuwa na watu 67,906, karibu mji wote wa Midland. Mengine matatu yalikuwa na watu 852, 828 na 414. Makamishna watatu wa mashambani walikuwa na wingi wa kura juu ya mmoja wa mjini, ilhali watu wamejaa mjini.

Uliza pia *nani anahesabiwa*. Kenya huhesabu wakazi wote. England huhesabu wapiga kura waliojiandikisha, tena hukadiria idadi yao miaka mitano mbele, ili mpaka usichakae kabla wino haujakauka. Kata yenye watoto wengi au wakazi wasio raia itaonekana kubwa kwa hesabu ya kwanza na ndogo kwa hesabu ya pili.

Gereza ni mtego mwingine. Katika mji wa Anamosa, jimbo la Iowa, kata moja ilikuwa na watu karibu 1,400 kwenye sensa ya mwaka 2000, na takriban 1,300 kati yao walikuwa wafungwa wasioweza kupiga kura. Mwaka 2005 diwani wa kata hiyo alichaguliwa kwa kura mbili. Ukiona kata yako ina watu wengi na kura chache kupita kiasi, kabla ya kulaumu mwamko wa wapiga kura angalia kama kuna gereza, kambi ya jeshi au mabweni ya chuo.

Wadi1450 alijibu:

Naongezea upande wa Kenya, kisha nijibu swali la pili.

Ibara ya 89 ya Katiba ya 2010 inaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikague mipaka ya maeneo bunge kila baada ya muda usiopungua miaka 8 wala kuzidi 12, na mipaka ya wadi nayo ikaguliwe mara kwa mara. Watu wa eneo wanatakiwa kukaribia wastani wa kitaifa. Majiji na maeneo yenye watu wachache huruhusiwa kukengeuka hadi asilimia 40, mengine hadi asilimia 30. Sababu zinazoruhusu mkengeuko zimetajwa: sura ya nchi na vituo vya miji, maslahi ya jamii na uhusiano wao wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano.

Kwa wadi 1,450, sensa ya 2009 (watu 38,610,097) inatoa wastani wa watu 26,628 kwa wadi. Sensa ya 2019 (watu 47,564,296) inatoa 32,803. Wadi iliyokuwa sawasawa na wastani mwaka 2009, kisha ikabaki na watu walewale, sasa imepungua kwa asilimia 19 bila mtu hata mmoja kuhama.

Sasa swali la pili. Jina la kata si ushahidi wa ardhi yake. Likikuingia hili kichwani, nusu ya kazi imekwisha. Kenya ilikuwa na wadi za udiwani katika mabaraza ya zamani ya miji na kaunti, na kuanzia uchaguzi wa 2013 zikawepo wadi za mabunge ya kaunti 47. Yapo majina yaliyovuka kutoka mfumo wa kwanza kwenda wa pili huku ardhi imekatwa upya. Anayeunganisha matokeo ya 2007 na ya 2013 kwa jina pekee anaunganisha vitu viwili tofauti, na kompyuta haitamwonya.

Tanzania kuna mfano ulio wazi, ingawa ni wa ngazi ya mkoa. Sensa ya 2012 iliupa Mkoa wa Mbeya watu 2,707,410. Ya 2022 iliupa 2,343,754. Ukiziweka bega kwa bega, Mbeya imepungua kwa asilimia 13. Ukweli ni kwamba mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka humo. Ukirudi kwenye sensa ya 2012 na kutenga wilaya zilizokwenda Songwe (watu 998,862), Mbeya iliyobaki ilikuwa na watu 1,708,548. Basi Mbeya imekua kwa asilimia 37, na Songwe, iliyofika watu 1,344,687 mwaka 2022, imekua kwa asilimia 35. Anayeangalia jina anaona mkoa unaokimbiwa. Anayeangalia ardhi anaona mikoa miwili inayojaa kwa kasi.

Cha kufanya: tengeneza *jedwali la ukoo wa kata*, kila toleo la kata likiwa mstari wake. Safu ninazopendekeza:

- msimbo wako mwenyewe, usiotegemea jina (mfano K07-2 maana yake kata ya saba, toleo la pili)
- jina kama lilivyoandikwa kwenye tangazo rasmi la mipaka, pamoja na tahajia nyingine zilizowahi kutumika
- tarehe ya kuanza na tarehe ya kukoma
- namba na tarehe ya tangazo la Gazeti la Serikali
- kata mama, moja au zaidi
- aina ya badiliko: kugawanywa, kuunganishwa, kuhamisha kipande, kubadili jina tu, kuhamia halmashauri nyingine

Kugawanywa ni rahisi kukuona kwa sababu huleta jina jipya. Kuhamisha kipande ndiko kunakowakamata wengi: majina yote mawili yanabaki, kata zinabaki 12, watu tu ndio wamehama upande kwenye karatasi. Kata yako iliyopungua theluthi na jirani yake iliyojaa ghafla zinanuka hilo. Jumlisha watu wa kata hizo mbili kwenye jedwali la pili, halafu la tatu. Kama jumla imekua kwa kasi inayofanana na ya halmashauri nzima, karibu hakika ni kipande kilichohamishwa.

Uingereza walilimaliza tatizo hili kwa misimbo. Kata za England zina msimbo wa alama tisa (herufi moja na tarakimu nane) unaoanza na E05. Mpaka ukibadilika msimbo wa zamani hufungwa na mpya hutolewa, ila jina pekee likibadilika msimbo hubaki. Iga kanuni hiyo kwenye jedwali lako, hata kama ofisi iliyokupa takwimu haiifuati.

Mfuatiliaji_Kata aliandika:

Nimejumlisha kata zile mbili na jumla imekua sambamba na halmashauri. Kwa hiyo ni kipande. Nina ramani ya zamani ya karatasi ya 1:50,000 iliyopigwa skani, na faili ya ramani ya sasa yenye mipaka ya kata. Nitajuaje kipande kilikuwa na watu wangapi?

MpimaRamani alijibu:

Kabla ya kugusa ramani, uliza kama ofisi ya takwimu inaweza kukupa watu kwa eneo la kuhesabia, lile dogo alilopewa karani mmoja wa sensa. Ukilipata, kazi inageuka kuwa kujumlisha: kila eneo dogo unalipanga kwenye kata ya sasa, unajumlisha, unamaliza. Makadirio yote ninayoeleza hapa chini ni ya mtu aliyekosa njia hiyo.

Kama umekosa, fuata mpangilio huu kwenye QGIS au programu yoyote ya ramani.

*Kwanza, ifunge ramani ya karatasi kwenye viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali ardhini.* Skani ya nukta 300 kwa inchi inatosha, kwa kuwa kwenye 1:50,000 kila nukta ni kama mita 4 ardhini. Chukua alama 8 hadi 12 zilizosambaa hadi pembezoni: njia panda, madaraja, mikutano ya gridi iliyochapwa. Acha kona za mito na kingo za misitu, hizo husogea. Mstari wa mpaka wenye unene wa nusu milimita ni mita 25 ardhini, kwa hiyo usitarajie usahihi wa chini ya hapo. Makosa ya alama zako yakizidi mita 50, tafuta alama iliyokosewa kabla ya kuendelea.

*Pili, angalia ramani ilipimwa kwa msingi gani, yaani viwianishi vyake vinahesabiwa kwa mfumo upi.* Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, ilhali faili za sasa na simu hutumia WGS84. Tofauti ya mifumo hii miwili ni takriban mita 300, na sehemu kubwa yake huangukia kaskazini na kusini. Ukisahau kuigeuza, kila kata itaonekana imekatwa ukanda wa mita 300 upande mmoja na kuongezewa upande wa pili. Dalili yake ni rahisi: kama mipaka *yote* imesogea upande mmoja kwa kiasi kilekile, hakuna tangazo lililofanya hivyo. Ni msingi wa ramani.

*Tatu, peleka ramani zote mbili kwenye mfumo wa mita, kisha rekebisha maumbo.* Poligoni (maumbo ya kata kwenye faili) zinazojikata zenyewe huharibu hatua inayofuata, na mara nyingine programu hukaa kimya bila kutoa onyo. Kwenye QGIS kumbuka pia kwamba amri ya `$area` hufuata mpangilio wa mradi, lakini `area($geometry)` hufuata vipimo vya faili yenyewe. Faili ikiwa katika digrii, utapata digrii za mraba, namba isiyo na maana kwa mtu yeyote.

*Nne, zikatishe ramani mbili.* Utapata vipande, kila kimoja kikiwa na kata ya zamani na kata ya sasa. Vingi vitakuwa vyembamba kama uzi, na hivyo vimetokana na mistari miwili kuchorwa na mikono miwili. Usivichuje kwa eneo peke yake. Ukanda wa urefu wa kilomita 4 na upana wa mita 20 una hekta 8, unaonekana mkubwa, na bado ni makosa ya uchoraji. Pima upana: zidisha eneo kwa 2, gawa kwa mzingo. Hapa ni 160,000 ÷ 8,040, karibu mita 20. Kama upana uko ndani ya makosa ya ramani yako (tuseme mita 50), rudisha kipande kwenye kata yake. Kama ni mita 600, hicho ni kipande cha kweli, na nenda ukakitafute kwenye tangazo.

*Tano, gawa watu.* Hapa ndipo namba huharibika kuliko mahali pengine pote. Tuseme kata ya zamani ina watu 24,000 na kilomita za mraba 30, na kipande kilichohamishwa kina kilomita za mraba 12. Kwa kugawa kwa eneo, kipande kinapata 12/30, yaani watu 9,600. Hesabu hiyo inadai watu wametandazwa sawasawa kama mchanga, na hakuna kata iliyo hivyo. Hesabu majengo kwenye picha ya satelaiti. Kama asilimia 70 ya majengo ya kata iko ndani ya kipande, makadirio ni 16,800. Njia mbili, tofauti ya watu 7,200, na ardhi ni ileile.

Majengo nayo yana kasoro mbili. Picha ihusu mwaka wa takwimu, maana majengo ya leo yatakipa kipande watu ambao miaka kumi iliyopita hawakuwepo. Tena maghala, viwanda na maduka yasihesabiwe kama nyumba. Ukiweza kuyatenga, yatenge. Ukishindwa, angalau usihesabu paa kubwa kupita kiasi.

*Sita, hakiki.* Vipande vyote vya kata ya zamani vijumlishwe virudi 24,000 kamili. Kisha eneo la halmashauri nzima kabla na baada liwe sawa ndani ya asilimia moja hivi. Lisipokuwa sawa, huenda mpaka wa nje wa halmashauri wenyewe ulibadilika, na hapo unahitaji takwimu za halmashauri jirani pia.

Ukichapisha, andika "makadirio kwa majengo" kando ya namba na uikadirie kwenye mia: 16,800, wala si 16,793.

Onyo la mwisho kwangu: kura usizigawe kwa eneo wala kwa majengo. Kura hupigwa kituoni. Tafuta matokeo ya kituo kimoja kimoja, pangia kila kituo kata yake ya sasa, jumlisha upya. Kituo kilichopasuliwa na mpaka kiwekwe upande wenye wapiga kura wengi, na ukitaje.

Hesabu_Kwanza aliongeza:

Angalizo kwa wanaotumia maeneo madogo ya sensa ya Marekani ya 2020. Namba za maeneo hayo zilitiwa makosa madogo ya makusudi ili kulinda siri za kaya. Jumla ya jimbo ni kamili, lakini mtaa mmoja unaweza kuonyesha watu wachache zaidi au wengi zaidi ya waliohesabiwa. Ukijumlisha mitaa mingi hadi kata nzima, makosa kwa sehemu kubwa yanafutana. Ukisogeza mpaka kwa mtaa mmoja ili upate usawa wa watu watatu, unafukuza namba iliyokorogwa.

Rula_na_Penseli aliandika:

Mmeeleza vizuri namba na ramani. Niseme juu ya maneno, kwa kuwa katika matangazo mengi mpaka hukaa kwenye maandishi na ramani huwa kiambatisho. Tangazo lenyewe husema kipi kinatawala vikipingana. Soma hicho kifungu kabla ya kingine chochote.

Maelezo ya mpaka huharibika kwa njia zinazojirudia. "Kufuata barabara kuu" bila kusema katikati ya barabara au ukingo wake. "Hadi kwenye mti mkubwa," na mti umeanguka. Barabara ikihamishwa na wakala wa barabara, mpaka hauhami nayo isipokuwa tangazo limesema hivyo, lakini karani anayefuata ramani mpya atauhamisha bila kujua. Mito ndiyo migumu zaidi. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mto ukila ukingo polepole mwaka hadi mwaka, mpaka hufuata mkondo, ila mto ukivunja kingo kwa ghafla na kufungua mkondo mpya, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani, hata kama umekauka. Ndiyo maana unaweza kukuta nyumba ishirini "ng'ambo ya mto" zinazopigia kura kata ya huku, na wote wakadhani ni makosa.

Pili, usawa wa watu hauthibitishi haki. Chukua kata tano, kila moja na wapiga kura 100. Kundi la kwanza lina wapiga kura 200 kati ya 500, kundi la pili 300. Mchoraji akiwapanga 51, 51 na 51 kwenye kata tatu na kuacha 47 kwenye mbili zilizobaki, kundi lenye asilimia 40 limepata madiwani watatu kati ya watano. Kila kata ina watu 100 kamili, mkengeuko ni sifuri. Mbinu ni mbili tu: kuwarundika wapinzani mahali pamoja ili kura zao zizidi bure, au kuwatawanya ili wasifike nusu popote.

Umbo husaidia kushuku, ingawa halihukumu. Zidisha eneo kwa 4 na kwa pai (3.1416), gawa kwa mzingo uliozidishwa kwa wenyewe. Duara hutoa 1, mraba 0.79, na ukanda wa kilomita 10 kwa 1 hutoa 0.26. Kata inayofuata ukingo wa ziwa itapata alama mbaya bila hila yoyote, tena alama hushuka zaidi ramani ikiwa na maelezo mengi, kwa sababu kila kijighuba kinarefusha mzingo. Linganisha kata zilizochorwa kwa kipimo kimoja cha ramani tu.

Tatu, kwa anayetaka kupeleka maoni wakati wa ukaguzi. Maoni yanayosema "tusigawanywe" hayana pa kushikwa. Andika hivi: kipande gani (taja barabara, vitongoji), kina watu wangapi, kiende kata gani, na kata zote mbili zitakuwa na mkengeuko gani baadaye. Ukihamisha watu 800 kutoka kata ya 15,900 kwenda ya 15,600, umeishusha ya kwanza hadi 15,100 na kuipandisha ya pili hadi 16,400, watu 100 tu kutoka ukingo wa asilimia 10 katika mfano wa hapo juu. Taja na utakachorudisha. Halafu thibitisha uhusiano kwa vitu vinavyoonekana: watoto wanakwenda shule ipi, maji yanatoka bomba gani, daraja la karibu liko wapi, njia hupitika masika au la. Kipande kisichofikika bila kupita kata nyingine ni hoja nzito kuliko kurasa kumi za historia.

Mfuatiliaji_Kata aliandika:

Nimepata tangazo. Lina tarehe mbili, ya kutolewa na ya kuanza kutumika, na kati yake kulikuwa na uchaguzi mdogo wa diwani. Matokeo yake niyaweke toleo lipi?

Rula_na_Penseli alijibu:

Toleo la zamani. Mara nyingi mipaka mipya huanza kutumika kwenye uchaguzi mkuu wa halmashauri unaofuata, na nafasi ikiachwa wazi kabla ya hapo hujazwa kwa mipaka iliyomchagua diwani aliyeondoka. Thibitisha kwa orodha ya vituo vilivyotumika siku ile: kama vituo vya kipande kilichohamishwa vimo kwenye matokeo ya kata ya zamani, umemaliza. Kwenye jedwali la ukoo, tarehe ya kuanza igawe safu mbili, ya utawala na ya uchaguzi. Ofisi ya kata inaweza kuwa imeanza kuhudumia kipande hicho miezi mingi kabla wakazi wake hawajampigia kura diwani mpya.